Riwaya nne za mwezi wa Rozari

Padri mmoja alipohamishwa parokia alituachia sanduku la vitabu akasema: «Mwalimu, uvitazame. Vya kufaa uviweke katika kabati ya parokia. Visivyofaa mama wa watoto atavifungia chumvi.» Sanduku lile likakaa chini ya kitanda miezi mingi, kwa kuwa kazi ni nyingi na mafuta ya taa ni ghali. Mwezi wa Oktoba mvua zikaanza, watu wakaenda kulima, wakatekumeni wakapungua, ndipo tulipolifungua. Mlikuwa na vitabu vya Liturjia, magazeti ya zamani, kamusi iliyoliwa na mchwa, na hadithi ndefu nne katika Kifaransa, yaani riwaya. Zote nne zilihusu mapadri na Misioni. Nao Oktoba, kama mjuavyo, ni mwezi wa Rozari na mwezi wa Misioni pia. Tukasema: hizi basi ni zetu.

Twataka kuwaeleza tuliyoyaona humo. Hatukuzisoma kama wasomavyo maprofesa. Sisi ni katekista, mjukuu wa katekista. Tulikaa Seminari miaka kadhaa, tukatoka, tukaoa, tukarudi katika kazi ya kanisa kwa mlango mwingine. Basi katika kila kitabu tulimtafuta mtu mmoja. Padri hatafutwi, maana mwandishi amekwisha kumweka katikati pale ambapo kila mtu atamwona. Lakini nani amemfungulia Padri kanisa? Nani amewafundisha watu Baba Yetu kabla Padri hajafika na baada ya kuondoka kwake? Nani anajua nani amegombana na nani? Mtu huyo yuko katika kila Misioni duniani. Tulitaka kujua kama yuko katika riwaya pia.

Tulianza na ya mwana wa nchi yetu, V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, siku zile mji ukiitwa Jadotville, akafariki Marekani mwaka 2025. Kitabu chake, Entre les eaux, kilitoka mwaka 1973. Mtu wake ni Padri Pierre Landu, Mkongo aliyesoma mpaka Roma, ambaye anaacha Misioni na kwenda msituni kwa waasi, akidhani kwamba huko ndiko atakakomkuta Kristu wa maskini. Waasi hawamwamini kwa kuwa ni Padri, naye hawezi kuacha kuwa Padri. Anashindwa katika vita, anashindwa katika ndoa, mwisho anajifungia katika monasteri. Mudimbe mwenyewe alipata kuwa mtawa kijana kwa Wabenedikto huko Rwanda, na jambo hilo linaonekana: mtu huyu anajihoji ukurasa kwa ukurasa, kama kwamba mtihani wa dhamiri hauna mwisho. Ni kitabu cha akili kali sana. Lakini twasema wazi kwamba kilituchosha. Landu anasema na Mungu, na nafsi yake, na vitabu alivyovisoma. Wanakijiji wanapita nyuma yake kama vivuli. Hakuna mzee hata mmoja anayemshika mkono na kumwambia: Padri, kaa kwanza, ule. Tulikifunga tukiwaza kwamba mtu wa namna hiyo angepotea hata pasipo vita.

Cha pili kiliandikwa na Mwingereza, Graham Greene, lakini mambo yake ni ya hapa Kongo. Mwanzoni mwa mwaka 1959 Greene alikuja akakaa katika kijiji cha wakoma cha Yonda, karibu na Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka. Kwa Kifaransa kitabu kinaitwa La Saison des pluies, yaani majira ya mvua. Jina lake la Kiingereza lina maana nyingine: ni yule mgonjwa ambaye ukoma umekwisha kumla vidole ukazimika wenyewe, kama moto uliokosa kuni. Amepona, lakini vidole havirudi. Na mwandishi anatuonyesha Mzungu aliye hivyo rohoni. Ni Querry, mchoraji wa makanisa makubwa, mwenye sifa duniani kote, aliyekinaishwa na sifa, na wanawake, na sala. Anapanda meli ya mtoni mpaka pale inapoishia, anashuka, anakaa kwa mapadri wanaowatunza wakoma.

Katika kitabu hiki yumo mtu mmoja aliyetuumiza kidogo. Jina lake Rycker, msimamizi wa kiwanda cha mafuta ya mawese. Aliwahi kukaa Seminari. Hakuwa Padri, lakini maneno ya teolojia alibaki nayo, naye anayatumia nyumbani kumwonea mkewe kijana, akimtajia upendo wa Mungu kila anapotaka kutiiwa. Mwanzoni tulicheka peke yetu kitandani, hata mama wa watoto akauliza kuna nini. Halafu hatukucheka tena. Sisi tuliotoka Seminari tuna hatari hiyo: twajua maneno mengi ya kuwafunga nayo watu.

Lakini karatasi zilizo bora katika kitabu ni za mtumishi wa Querry, mkoma aliyepona, jina lake Deo Gratias. Hana vidole vya mikono wala vya miguu. Usiku mmoja anatoweka katika msitu. Querry anamfuata, anamkuta amekwama katika kinamasi, hawezi kusimama, naye Mzungu yule asiyeamini tena kitu anakaa naye gizani mpaka asubuhi, kwa kuwa mgonjwa anaogopa kuachwa. Deo Gratias alikuwa anatafuta mahali panapoitwa Pendélé, ambapo mama yake alimpeleka alipokuwa mtoto, pa maji na nyimbo na furaha. Basi. Hatuambiwi zaidi. Na yatokeayo baadaye ni ukweli mtupu juu ya ulimwengu: habari za usiku ule zinapita kwa Rycker, zinapita kwa mwandishi wa magazeti aliyetoka Ulaya, na kila zinapopita Mzungu anazidi kuwa mtakatifu na Deo Gratias anazidi kuwa mdogo. Querry anaulizia Pendélé. Wale wengine wanaulizia Querry tu. Greene alijua kosa hilo akalionyesha, na hapo twamsifu. Ila na yeye anamwacha Deo Gratias palepale, akarudi kwa Wazungu wake na wivu wao na bastola yao. Tungetoa sura tatu za mwisho ili tupate sura moja ya Pendélé.

Sasa tufike kwa Mongo Beti. Hapa tutakaa.

Mongo Beti ni jina la kalamu. Jina lake ni Alexandre Biyidi, mtu wa Kamerun, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 2001. Alisoma shule ya Misioni akafukuzwa. Kitabu chake, Le Pauvre Christ de Bomba, kilitoka mwaka 1956, akiwa hajatimiza miaka ishirini na mitano. Anayesimulia ni Denis, kijana mdogo, mtumikiaji wa Misa, ambaye mama yake amekufa na baba yake amempeleka Misioni. Anaandika katika daftari mambo ya kila siku. Anampenda Padri wake, Padri Drumont, kuliko watu wote. Padri huyo amefanya kazi Bomba karibu miaka ishirini. Ana ndevu na kanzu, hata watoto wakimwona wanamwita Yesu Kristu, kama walivyomwona katika picha ya katekisimu.

Padri anaondoka kuwatembelea watu wa Tala, ambao amewaacha miaka mitatu makusudi ili wajute. Hawakujuta. Kijiji kwa kijiji anakuta makanisa yamebomoka na watu wanacheza ngoma usiku. Na mpishi wake, Zacharie, mtu wa mdomo mkali, anamwambia sababu: watu wale walikimbilia dini mwanzoni wakitaka kujua siri ya nguvu za Wazungu, yaani reli na magari, nao wakafundishwa habari za roho. Mkubwa wa serikali naye anakuja na habari ya barabara mpya, na kazi ya shokoa inayowangoja watu. Padri anaona kwamba wanaoteswa barabarani ndio wanaokimbilia kanisa. Anaanza kujiuliza yeye ni mchungaji au ni mtu wa kungojea chini ya mti wakati mwingine anatikisa matawi.

Tena anarudi Bomba, na hapo ndipo pigo. Katika nchi ile Misioni zilikuwa na nyumba iliyoitwa sixa. Wasichana waliotaka ndoa ya Kikristu walikaa humo miezi kadhaa, wakifundishwa katekisimu na kufanya kazi za Misioni kutwa nzima. Sixa hazikubuniwa na Mongo Beti. Zilikuwako kweli kusini mwa Kamerun. Mwenye kuitunza nyumba ile ya Bomba ni katekista, jina lake Raphaël. Padri anapowahoji wasichana mmoja mmoja, huku wakipigwa fimbo kwa amri yake, jina la Raphaël linatoka katika kila kinywa. Ndiye aliyewatoa wasichana kwa wanaume, na kwa kazi nyepesi, na kwa zawadi. Wengi ni wagonjwa. Padri hakujua lolote. Anaifunga nyumba, anawarudisha wasichana kwao, anarudi Ulaya.

Basi tulimtafuta katekista, na huyu ndiye tuliyempata.

Tuliudhika. Tulikifunga kitabu siku mbili, tukakiweka chini ya sanduku, si ndani. Tukasema: huyu alifukuzwa shule, ana kisasi. Siku ya tatu tukarudi, kwa sababu ya sauti ya yule kijana. Mwandishi ambaye hana ila kisasi asingeweza kuandika sauti ile. Denis anaona fimbo zikiwapiga wasichana naye anaandika kwa kuridhika, maana ni wenye dhambi na Padri amesema. Hajui analotuonyesha. Sisi wasomaji twaona mgongo wa msichana, yeye anaona haki ya Padri. Katika vitabu hivi vinne hatukuona ufundi uliozidi huo: mtoto mwema, mwenye sala, anaandika neno la ukatili kama anavyoandika kwamba mvua imenyesha. Nasi tuliowahi kuwa watoto wa Misioni twajua kwamba mtoto huwa hivyo.

Kosa lake twalionyesha pia. Raphaël hana moyo katika kitabu hiki. Tunasikia matendo yake, hatusikii mawazo yake. Mshahara wake ulikuwa faranga ngapi? Alifundishwa na nani? Alianza lini, na usiku wa kwanza alilala vipi? Zacharie ana maneno mengi, Padri ana mashaka yake, Denis ana machozi yake, lakini katekista ana funguo tu. Hata hivyo kitabu kinasema jambo moja ambalo Greene na Mudimbe hawakulisema, nalo ni kweli: mtu wa mlangoni ana nguvu. Padri Drumont hakudanganywa kwa sababu ni mjinga. Ilikuwa rahisi kwake kusadiki taarifa ya mwenye funguo, na wasichana hawakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Sisi hatuna funguo za nyumba ya wasichana. Tuna daftari. Kila mwaka kabla ya Pasaka, Padri anakuja katika kijiji na kuuliza: «Mwalimu, nani yuko tayari kwa Ubatizo?» Nasi twasoma majina. Jina tusilolisoma, Padri hawezi kulijua. Miaka mitatu iliyopita kulikuwa na mama mmoja mjane katika mafundisho. Anauza ndagala. Mafundisho yalikuwa siku ya Alhamisi, nayo Alhamisi ni siku ya soko. Mara nyingi hakuja. Wala siku ya kulima shamba la parokia hakuja. Tulilipiga jina lake mstari. Padri alipouliza, tulijibu kwamba imani yake imepoa. Neno zuri, tulilipata Seminari. Tangu siku ile mama huyo anasali na watu wengine, na Mongo Beti hakutuacha tulale.

Kitabu cha nne kilikuwa Silence cha Mjapani Endo Shusaku, Mkristu aliyebatizwa akiwa mtoto. Kilitoka mwaka 1966. Wengine kati yenu mmeona pengine sinema iliyofanywa kwacho mwaka 2016. Ni habari za karne ya kumi na saba, siku ambazo wakubwa wa Japani waliikataza imani wakawatesa Wakristu. Padri Mreno, Sebastião Rodrigues, anaingia kwa siri, naye aongozwaye na nani? Na Kichijiro, mlevi, mwoga, ambaye amekwisha kuikanyaga sanamu ya Yezu alipolazimishwa na askari. Kichijiro atamwuza Padri, na kila mara atarudi akilia na kuomba kuungamishwa. Padri anamchukia. Mwisho Padri mwenyewe yumo gizani katika kifungo, anasikia sauti kama ya mlinzi anayekoroma, kumbe ni Wakristu waliotundikwa vichwa chini katika shimo kwa ajili yake. Wataachiliwa akikanyaga. Anakanyaga.

Wenye elimu wamebishana sana kama alitenda vema. Sisi tutapita. Tuliyemwona sisi ni mwingine. Rodrigues anapofika katika kijiji cha kwanza, anawakuta Wakristu wamejipanga wenyewe pasipo Padri: mzee mmoja anabatiza watoto, wengine wanafundisha sala usiku na kuhesabu siku za sikukuu. Padri anafurahi, halafu kitabu kinaendelea na mateso yake. Lakini turudi nyuma kwa wazee wale, kwa maana hadithi yao haikuisha na kitabu. Mwaka 1865, tarehe 17 Machi, Padri Bernard Petitjean alikuwa katika kanisa jipya la Oura huko Nagasaki, wakaja watu kutoka kijiji cha jirani wakamnong'oneza kwamba imani yake ndiyo yao. Zaidi ya miaka mia mbili pasipo Padri, pasipo Misa! Babu alimfundisha mwana, mwana akamfundisha mjukuu. Maji yakamiminwa na maneno yakasemwa. Endo aliandika riwaya nzuri kabisa juu ya ukimya wa Mungu. Huenda ukimya ule ulikuwa katika masikio ya Padri, na katika nyumba za nyuma wazee walikuwa wanahesabu tarehe ya Noeli.

Mwaka 1964, wakati wa maasi, mapadri walipoondoka huku kwetu, babu yetu alibaki. Alichukua kitabu cha Ubatizo cha Misioni, akakitia katika debe, akalifukia chini ya zizi la mbuzi. Siku za Mungu watu walisali nyumbani kwake, mlango umefungwa. Watoto waliokaribia kufa aliwabatiza, akaandika majina yao katika karatasi, akazitia karatasi katika debe. Mapadri waliporudi walilifukua. Habari hiyo inasimuliwa kila sikukuu ya parokia. Ile nyingine haisimuliwi, lakini alimwambia baba yetu na baba akatuambia sisi: siku moja katika kizuizi cha barabarani, waasi walimwuliza kama ni mtu wa mapadri, akasema hapana; rozari ilikuwa ndani ya muhogo katika kikapu. Aliungama jambo hilo mapadri waliporudi, na kila Ijumaa Kuu alilitaja tena nyumbani. Mtu mmoja, basi, alikuwa mzee wa kubatiza na Kichijiro pia. Tungependa kusoma riwaya ya mtu kama huyo. Katika sanduku haikuwamo.

Tena si kwamba watu wa kuandikwa wamekosekana. Ng'ambo ya ziwa hili la Tanganyika, huko Karema, aliishi Adrian Atiman, aliyeibwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889 awe katekista na daktari. Alifariki mwaka 1956, mwaka uleule kilipotoka kitabu cha Mongo Beti. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa. Waandishi wetu wana kazi mbele yao, na wasituandikie Raphaël mwenye funguo tu wala Atiman mwenye sifa tu.

Limebaki neno la kabati. Mzee mmoja wa halmashauri ya parokia, aliposikia habari ya Raphaël, alisema kitabu hicho kifungiwe chumvi, kwa maana vijana watatucheka. Hofu yake twaielewa. Vijana watacheka kweli. Padri wetu wa sasa alitutazama akasema: «Mwalimu, umekisoma wewe. Sema.» Tukasema vinne vyote viwekwe, na kile cha Mongo Beti kipite kwanza kwa makatekista wa vijiji vyote katika mkutano wa mwezi, wasome wanaojua Kifaransa na kuwaeleza wasiokijua. Sasa kiko kwa mwalimu wa pili. Wa kwanza alikirudisha baada ya siku nne, hakusema neno.

Alhamisi ile hatukufundisha. Tulikwenda sokoni. Yule mama alitupa kiti chake, akakaa juu ya ndoo, tukasema habari za mvua na bei ya ndagala. Baadaye tukamweleza ya daftari, na neno tulilomwambia Padri. Alinyamaza akipanga mafungu yake.

«Mwalimu, jina langu bado limo?»

«Limo, mama. Limepigwa mstari, lakini linasomeka.»

Alicheka kidogo, akatupimia kopo mbili, akapokea pesa zake kamili.